Nililelewa Kuwachukia Wadassanech

Nilizaliwa Lowarengak, ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana, si mbali na mpaka wa Kenya na Ethiopia. Mimi ni Mturkana. Kwetu mtoto alilijua jina la Merille kabla hajajua kuhesabu mbuzi. Akikataa kulala, aliambiwa Merille wanakuja. Mbwa wakibweka usiku, wanaume walinyamaza wakatega masikio, nasi watoto tulijua wanachokisikiliza. Merille ndivyo tunavyowaita. Wenyewe hujiita Dassanech. Hilo nilikuja kulijua nikiwa mtu mzima, nina mke na mtoto.

Mwaka 1992 baba yangu aliuawa malishoni. Alikuwa amepeleka mbuzi kaskazini kufuata majani, akapigwa risasi alfajiri na mbuzi wakaswagwa. Nyayo zilielekea mpakani. Hakuna aliyewaona wauaji, na hakuna aliyeona haja ya kuuliza. Mama akabaki na watoto wadogo na mifugo isiyotosha hata kutuvusha kiangazi kimoja. Tukasogea karibu na maji, tukawa watu wa samaki.

Kwetu huko ni kuanguka. Mturkana ni mtu wa ng'ombe, ngamia na mbuzi. Anayeshika nyavu ni yule aliyekosa mifugo. Nilikua nikimwona mama akipasua samaki na kuwaanika juu ya mawe, mikono imejaa magamba, naye alikuwa binti wa mwenye mifugo. Sikumjua aliyetufikisha pale, wala sura yake sikuwahi kuiona, basi nikalibebesha kosa lake kabila zima, wazee na wachanga, walio hai na watakaozaliwa.

Ndugu msomaji, huenda na wewe una watu wa namna hiyo moyoni. Kwa hiyo nakueleza wazi: chuki ile sikuiona kuwa dhambi. Nilikwenda kanisani, niliimba kwaya, nilitoa sadaka. Yaliposomwa maneno ya kuwapenda adui, niliitikia amina pamoja na wengine, na Wadassanech hawakunijia akilini kabisa. Niliwaweka nje ya hesabu ya watu ambao Mungu alikuwa anawazungumzia.

Mwaka 2007 mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza, msichana. Nilisikitika. Nilitaka mvulana, na nitasema kwa nini: nilitaka wa kulipiza kisasi. Mwaka uliofuata vijana wa upande wetu walichanga pesa za risasi, nami nikatoa. Zilikuwa pesa za samaki, pesa ambazo mke wangu alikuwa akizisubiri anunue unga. Sikuuliza risasi zile zinakwenda wapi kwa sababu nilijua. Kama ziliua mtu, na alikuwa nani, hilo nimelibeba mpaka leo.

Ziwa letu lina upepo wake. Hutoka kusini mashariki, hupamba moto usiku na kuendelea mpaka asubuhi, na mvuvi asiyeuheshimu hafiki mbali. Mwishoni mwa mwaka 2009 nilikuwa majini na kijana wangu wa kazi, tumewafuata sangara mbali kuliko kawaida. Injini ikazima. Tuliivuta kamba mpaka viganja vikachubuka. Upepo ukaanza kuvuma, ukatusukuma kaskazini usiku kucha, sisi tukikomba maji kwa mtungi uliokatwa. Kulipopambazuka niliona maji yamebadilika. Maji ya ziwa letu ni ya kijani; haya yalikuwa ya rangi ya udongo, mazito. Nikajua tumefika mdomoni mwa mto Omo. Mto huo ndio unaotulisha sote, maana takriban asilimia 90 ya maji ya ziwa hutoka huko, kutoka milima ya Ethiopia. Lakini asubuhi ile niliwaza jambo moja tu: tumeingia kwa Merille.

Mashua ilikwama kwenye matete. Niliposhuka kuisukuma, kisiki kikanipasua wayo. Tukawa tumejificha pale, damu inanitoka, tukasikia kasia. Ukatokea mtumbwi wa gogo lililochongwa, ndani yake vijana wenye bunduki. Aliyesimama mbele alikuwa kifua wazi, na upande wa kulia wa kifua chake nikaona safu za makovu madogo yaliyovimba, yamepangwa vizuri, yamemetameta kwa mafuta. Kwetu pia mwanamume aliyeua adui huchanjwa, sisi huchanjwa begani. Nilijua makovu yale yana maana gani. Alama hizo huwekwa kwa kuua watu, na watu wenyewe ni sisi.

Walitupeleka kwenye kijiji kidogo juu ya kisiwa cha tope kavu, katikati ya mikono ya mto. Yakazuka mabishano. Lugha sikuielewa, lakini mtu anajua watu wanapobishana juu ya uhai wake. Kisha akaja mzee mmoja mwembamba, kigoda kidogo cha kulazia kichwa kinaning'inia mkononi, akaketi juu yake mbele yangu. Akaniambia kwa Kiturkana safi kabisa, "Mwanangu, mmetoka wapi?"

Nikajikuta nimemwita apa, kama tunavyowaita baba zetu. Sikupanga kumwita hivyo. Nikamweleza habari ya injini na upepo. Alisikiliza mpaka mwisho, akawageukia vijana akasema nao kwa muda. Baadaye alinieleza alichowaambia: kwamba anayekuja kuua huja kwa miguu yake, usiku, na bunduki mkononi. Hawa wameletwa na upepo, basi ni wageni. Vijana hawakupenda. Mmoja alitema mate chini akaondoka. Lakini mzee alikuwa amekwisha kusema.

Nyumba aliyotuingiza ilikuwa nusu duara, fito zilizopindwa na kufungwa pamoja, juu yake ngozi, mikeka, magunia na vipande vya mabati makuukuu. Wanawake ndio hujenga nyumba hizo, na watu wakihama wanawake ndio huzibomoa na kuzijenga upya. Ilikuwa ya chini hata nikaingia kwa kuinama. Mke wa mzee alinitazama wayo, akachemsha maji, akaniosha bila neno. Kisha akaleta kahawa. Si kahawa ya punje bali ya maganda, yamechemshwa kwenye chungu kikubwa, akaimimina ndani ya nusu ya kibuyu. Mzee alichukua funda la kwanza akalinyunyiza kwa mdomo, matone yakatua juu ya jiko, juu ya mkewe, juu yangu. Ilikuwa baraka. Kisha akanywa, akanipa kibuyu kilekile.

Nilikunywa. Nilikuwa na kiu na njaa, na huo ndio ukweli wote wa siku ile. Usidhani moyo wangu uligeuka kwa kibuyu kimoja cha kahawa. Nilikula uji wao wa mtama huku nikihesabu bunduki. Usiku nililala jicho moja limefumbwa, nikimwambia kijana wangu kwa sauti ya chini kwamba wanatunenepesha. Nilipokea wema ule kwa mikono miwili huku moyoni nikiutukana. Mungu anisamehe.

Wayo ukavimba, nikashindwa kutembea, tukakaa pale siku kadhaa. Nikaanza kuona.

La kwanza nililoliona ni kwamba walikuwa maskini. Nililelewa nikidhani ng'ombe wetu wote walioibwa wako kwa Merille, kwamba wananenepa kwa mali yetu. Pale kisiwani hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Mdassanech halisi kwa macho yao wenyewe ni mwenye ng'ombe. Aliyefilisika akabaki kuishi kwa samaki na kuwinda mamba huitwa Dies, na jina hilo halina heshima. Mwenyeji wangu alikuwa Dies. Alikuwa na ng'ombe zamani. Baadhi waliuawa na ukame, aliniambia, na waliobaki walichukuliwa na watu wa kwenu. Alilisema hilo kwa upole uleule aliotumia kuniuliza kama wayo unauma. Nilimtazama mkewe akipasua samaki nje, magamba yamejaa mikononi, nikaondoa macho haraka.

Kipindi kile mafuriko ya Omo yalikuwa yamepungua, na kila mwenye nguvu alikuwa shambani. Shamba lenyewe ni tope. Mvua ikinyesha kwenye milima ya Ethiopia katikati ya mwaka, mto hufurika ukazifunika kingo zake huku chini, na unaporudi huacha udongo mweusi wenye unyevu. Juu ya udongo huo, mahali ambapo mvua yenyewe haitoshi kitu, Wadassanech hupanda mtama. Nilikuwa nikiketi kivulini kumtazama binti wa mzee. Alikita mti uliochongoka kwenye udongo, akatupa mbegu shimoni, akafukia kwa kisigino, akapiga hatua, akakita tena. Mtoto alikuwa amefungwa mgongoni, amelala. Tope likishaanza kupasuka wakati umepita, kwa hiyo walifanya kazi bila kuinua vichwa. Niliwaza: watu hawa nimewaogopa maisha yangu yote, na sijawahi kujiuliza wanakula nini.

Jioni mzee alipenda kuzungumza. Nadhani alifurahi kukitumia Kiturkana. Ilikuwa lugha ya mama yake. Mama huyo alizaliwa upande wetu, na katika mwaka mmoja wa njaa kuu baba yake alimleta akiwa mdogo, akamwacha kwa rafiki yake Mdassanech ili asife. Baba huyo hakurudi tena. Msichana akakua huko, akaolewa, akazaa. Sikuwahi kufikiri kwamba Mturkana angeweza kumkabidhi mtoto wake kwa Merille, na kwamba Merille angemlea. Mzee aliona nimeshangaa, akaniambia kwamba watu wake wenyewe wametoka kila mahali. Wana makundi manane, na si yote yaliyozaliwa mahali pamoja. Wale wa Randal asili yao ni Warendille, wale wa Koro walitoka kwa Wasamburu. Walikuja kwa njaa, kwa vita, kwa kufuata maji, wakapewa nafasi ukingoni mwa mto, na leo wote ni Dassanech. Mimi nilidhani Merille walikuwa adui tangu kuumbwa kwa dunia.

Alinieleza pia namna watu wanavyofungana. Mwanamume huko hahesabu ndugu wa damu peke yao. Kuna urafiki unaofungwa kwa zawadi ya mnyama, kuna unaofungwa kwa kupakana mafuta, kuna ule wa kumpa mtoto wa mwenzako jina, na ule wa kumshika mtu siku ya kutahiriwa. Kila mmoja una wajibu wake, na mtu akifilisika hao ndio humwinua. Kwetu pia yupo rafiki wa mifugo. Nilitaka kumwambia hivyo nikashindwa, kwa sababu ningekuwa nimekiri kwamba tunafanana.

Kisha akaniuliza kama nina watoto. Nikamjibu ninaye mmoja, halafu nikaongeza, kwa sauti ambayo leo naionea aibu, "lakini ni msichana." Mzee akakaa wima. "Wa kwanza?" Nikasema ndiyo. Akamwita mkewe, akamwambia, na mkewe akaniangalia kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye nyumba yake. Mzee akaanza kunieleza dimi.

Dimi ni sherehe ambayo baba humfanyia binti yake wa kwanza, abarikiwe, aje kuolewa na kuzaa. Hapo ng'ombe na wanyama wadogo huchinjwa kwa wingi, wazee hulishwa, wanaume na wanawake huvaa ngozi za manyoya, wanaume hupita wakicheza na fimbo zao. Baba hujiandaa kwa miaka. Marafiki wote aliofungana nao huchangia, maana hakuna anayeweza peke yake. Na ikiisha, yule baba huingia miongoni mwa wakubwa. Mwanamume asiye na binti, au asiyemfanyia, hubaki nyuma. Mzee alifanya dimi yake angali na ng'ombe, na alipoisimulia alisimama, akaonyesha alivyokanyaga, akaonyesha aliposimama nani na nani, wengi wao wamekwisha kufa. Yule kijana mwenye makovu kifuani, ambaye alikuwa mwanawe, alicheka kwa furaha kumwona baba yake hivyo. Sikuwa nimemwona akicheka.

Sikubali kila kitu cha desturi zao, na sitalificha hilo. Kwao wasichana hukeketwa, na jambo hilo linawaumiza na kuwaua watoto. Kenya imelipiga marufuku kwa sheria tangu 2011, na ni sawa. Sisi Waturkana hatulifanyi, na rafiki zangu wa upande ule nimewaambia waziwazi ninavyofikiri. Lakini usiku ule nilisikia jambo jingine. Nilikuwa nimemtaka mtoto wa kuua. Hapa palikuwa na mtu niliyemwita adui, akiniambia kwamba mimi, kwa yule msichana niliyemsikitikia, nimekwisha kuwekwa kwenye njia ya kuwa mtu mkubwa. Nilijigeuza upande wa ukuta nikajifanya nimelala.

Usiku wa mwisho nilimwambia. Sikuweza kuondoka nikiwa nimekula chakula chake na kumficha. Nikasema, apa, mwaka jana nilitoa pesa za risasi. Moto ulikuwa karibu kuzimika, lakini kifua chake niliweza kukiona, na siku zile zote nilikuwa nimekiona: naye alikuwa na makovu, ya zamani, yamelala na ngozi ya uzee. Alinyamaza sana. Kisha akasema, "Mimi pia niliwahi kuwa kijana." Akanyamaza tena. "Lala. Kesho utatembea."

Sikumuuliza ni wapi aliyapata, wala mwaka gani. Baba yangu aliuawa mtu huyu akiwa bado na nguvu. Huenda ni yeye, huenda ni mwingine, na sitajua. Ninachojua ni kwamba katika nyumba ile nilipewa maji, dawa na mahali pa kulala na mtu ambaye nilikuwa nimelipia kifo cha watoto wake. Hakunidai chochote. Nimesikia mahubiri mengi ya neema. Neema yenyewe niliionja pale.

Mwanawe alitusindikiza. Tulitembea gizani kuelekea Todonyang, upande wetu wa mpaka, yeye mbele na bunduki, mimi nachechemea nyuma yake. Tulipoziona taa za kituo cha polisi alisimama, akanipa maji yaliyobaki kwenye kibuyu chake, akageuka akarudi. Kama angeonekana pale angeuawa, naye alilijua hilo.

Nyumbani walikuwa wameshatuombolezea. Furaha ilikuwa kubwa mpaka nilipoeleza tulikokuwa. Wengine walisema nimelishwa dawa. Wengine walidai nimewauzia njia zetu. Mama alinisikiliza akiwa amenipa mgongo, kisha akasema nisilitaje jambo hilo ndani ya nyumba ambayo baba yangu hayumo. Sikumlaumu. Nilinunua mbuzi kwa pesa za samaki, nikachinja, nikawaita wazee wambariki binti yangu. Hatuna desturi hiyo kwa mtoto wa kike, na walinishangaa, lakini nyama ni nyama, walikuja wakabariki. Nilimshika mapajani wakati wote. Alikuwa amekwisha kujua kutembea, na hiyo nadhani ndiyo mara ya kwanza kumshika muda mrefu hivyo.

Miezi ikapita. Usiku mmoja mama, bila kunitazama, akauliza, "Yule mama yake mzee, alikuwa wa ukoo gani?" Nikamtajia kama nilivyoambiwa. Akasema aliwahi kumsikia bibi yake akitaja msichana aliyepelekwa kaskazini mwaka wa njaa. Hakuongeza. Lakini tangu siku ile aliacha kuwatishia wajukuu kwa Merille.

Ningependa kukuambia kwamba baada ya hapo nilikuwa mtu mpya moja kwa moja. Mei 2011 watu wetu wengi waliuawa Todonyang kwa mara moja. Nilizika jamaa. Nikiwa makaburini niliitafuta ile chuki ya zamani nikaikuta mahali pake, haijapungua. Siku zile nilijilaumu kwa kila kikombe cha kahawa nilichokunywa kule. Vijana walipokuja tena na mchango, sikutoa, lakini sitajisifu, maana sikuwakemea pia. Nilinyamaza ndani ya nyumba, nikamwomba Mungu anishike nisiwe yule wa mwanzo, na maombi yenyewe yalikuwa makavu. Ilichukua muda mrefu kabla sijakubali kwenda kwenye mkutano wa amani, na nilipokwenda nikasimama kueleza haya ninayokueleza, nilizomewa. Upande wa pili wa uwanja, miongoni mwa waliovuka kuja, nilimwona mwana wa mzee. Naye watu wake walikuwa wamemwita msaliti.

Kutoka kwake ndiko nilikopata habari za kwao kwa miaka iliyofuata. Bwawa la Gibe III kwenye mto Omo lilianza kujazwa mwaka 2015 na kuzinduliwa Desemba 2016, na mashamba makubwa ya miwa yakafunguliwa huko juu. Mafuriko hayakuja tena kama zamani. Mzee alikwenda kusimama ukingoni msimu wa kupanda, akakuta udongo mkavu. Alifariki mwaka 2017. Sikuweza kwenda kumzika, mpaka ulikuwa mbaya. Mtama ukishakosekana, watu huingia ziwani. Dies wakawa wengi, na nyavu zao zikakutana na zetu katika maji yaleyale ya kaskazini yenye samaki, ambako tope la mto limekuwa likisogeza nchi kavu kuelekea Kenya kizazi baada ya kizazi, mpaka hakuna mvuvi anayeweza kusema kwa hakika mstari wa mpaka umepita wapi. Halafu ziwa likaanza kupanda. Kufikia 2020 lilikuwa limeyala maboma ya kwetu na ya kwao, na kile kisiwa nilikotibiwa kilikuwa chini ya maji. Familia ile ilihamia nchi ya juu, karibu na Omorate.

Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilipotoka, nilitafuta idadi yao. Wadassanech wa Kenya, wengi wao wa Ileret ng'ambo ya ziwa, walikuwa 19,337. Sisi Waturkana tulipita milioni moja. Wale wa Ethiopia walihesabiwa mwaka 2007 wakawa kama 48,000. Nililisoma hilo zaidi ya mara moja. Hofu ya utoto wangu ilikuwa imewafanya kuwa wengi kama nzige, kumbe ni watu wachache wenye mto uliokatwa.

Februari 2025 damu ilimwagika tena kaskazini mwa ziwa, ya pande zote mbili, na wavuvi wetu wengi hawakurudi. Simu yangu ililia usiku. Alikuwa mwana wa mzee. Hakuuliza nani alianza. Aliuliza kama niko hai, na mama, na binti yangu anayesoma mbali. Nikamuuliza habari za mkewe na watoto. Kisha tukazungumza kama wanaume wenye kazi: vijana gani wa kwake wana hasira zaidi, mashua gani za kwetu zisiende kaskazini wiki ile, nani arudishe nyavu zilizochukuliwa. Tukapatana kwamba kila mmoja awaendee wazee wa kwake kabla hakujakucha. Nilivaa shuka nikatoka. Mlango wa kwanza walinifukuza. Wa pili mzee alinisikiliza akiwa amesimama, akauliza nyavu zilizochukuliwa ni ngapi na ziko kwa nani, akarudi ndani kuchukua fimbo yake, tukaenda pamoja kwenye wa tatu.